Wakili Anapokwenda Kumwona Mshukiwa Aliyezuiliwa: Mwongozo Kamili kwa Mawakili wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Simu ya aina hii huja usiku. Anayepiga ni mama, mke au kaka wa mshukiwa, yuko Kaptembwo au Nyalenda au Lurambi, na sentensi yake ya kwanza huwa fupi: "Wakili, wamemshika." Mwongozo huu unaanzia hapo. Nimeuandika hasa kwa wakili kijana ambaye bado hajasimama peke yake mbele ya kaunta ya kituo cha polisi, ingawa jamaa wa mshukiwa naye atajua humu wakili aliyemtuma anapaswa kufanya nini.

Jambo moja nitalisema mapema kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalirudia. Katika haki zote za mtu aliyezuiliwa, inayopotea kwa urahisi zaidi ni ile ya kuzungumza na wakili wake faraghani, na aghalabu hainyang'anywi na mtu. Wakili ndiye huiacha mezani kwa kuona haya. Afisa anavuta kiti, anakaa hatua mbili kutoka kwa mshukiwa, anasema "endeleeni tu, wakili, mimi namalizia kazi yangu," na wakili, kwa adabu aliyolelewa nayo nyumbani, anaendelea.

Sheria za kwenda nazo

Huhitaji kubeba maktaba. Beba nakala ya Katiba ya 2010 iliyowekwa alama kwenye kifungu cha 49, kinachompa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza; haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika; na haki ya kutolazimishwa kukiri jambo linaloweza kutumiwa kama ushahidi dhidi yake. Kifungu cha 50(4) kinaitaka mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki hizo iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Kifungu cha 51 kinazilinda haki za aliyezuiliwa na kumpa njia ya kuomba amri ya Mahakama Kuu ili aletwe mbele ya jaji.

Ongeza Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, ambalo ndilo maafisa wenyewe wanalitambua kwa haraka, kwa kuwa linahusu kukamata watu na hali ya seli: mwanga wa kutosha, choo, wanawake mbali na wanaume, watoto mbali na watu wazima, daktari anapohitajika. Zipo pia Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 na Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Kuhusu faragha yenyewe, kanuni iliyo wazi kuliko zote imo katika Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Kazi ya Mawakili za mwaka 1990: afisa anaweza kuwaona wakili na mteja wake wakizungumza, lakini hapaswi kuwasikia. Kanuni za Mandela za 2015 zinasema vivyo hivyo kuhusu magereza. Liweke neno hilo ulimini, "kuona bila kusikia," kwa kuwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, mwenye wasiwasi kwamba mshukiwa atatoroka hulielewa upesi kuliko hotuba ndefu kuhusu Katiba.

Maswali ya kwenye simu

Kabla hujauliza kosa, uliza saa. Kifungu cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kabla ya saa 24 kuisha. Lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, au katika siku isiyo ya mahakama, polisi wana nafasi hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kijana aliyekamatwa Alhamisi saa tisa alasiri anapaswa kuwa mbele ya hakimu kabla ya saa tisa alasiri ya Ijumaa. Aliyekamatwa Alhamisi hiyo hiyo saa mbili usiku, saa zake 24 zinaisha Ijumaa saa mbili usiku, mahakama imefungwa, na kikomo chake kinasogea hadi Jumatatu jioni. Sasa mchukue yule wa saa tisa, ambaye alizungushwa ndani ya gari kutoka Kondele hadi Mamboleo jioni nzima, akaja kuandikwa kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, saa mbili usiku. Saa tano za kitabuni zimemgeuzia usiku mmoja wa seli kuwa minne.

Kwa hiyo mwambie anayepiga simu atafute, usiku huo huo, mtu aliyeona mshukiwa akishikwa, na ahifadhi chochote chenye saa juu yake: ujumbe wa M-Pesa uliotumwa dakika chache kabla, simu iliyokatika katikati ya mazungumzo, picha ya mtu aliyekuwa stejini. Uliza pia jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri, lugha, magonjwa na dawa anazotumia, kama waliomshika walikuwa na sare, na gari lilielekea wapi. Mwisho uliza kama kuna wengine walioshikwa pamoja naye. Jibu la swali hilo laweza kukunyima mteja mmoja au wawili, nami nitalirudia.

Kumtafuta na kumpata

Mtu aliyekamatwa Bondeni si lazima awe Bondeni. Huenda yuko Central kwa sababu seli za kwanza zimejaa, au yuko katika ofisi za DCI, idara ya upelelezi wa jinai, akihojiwa huku seli yake iko kituo kingine. Nenda mwenyewe, au mtume karani, ukaulize kwa jina na kwa nambari ya OB ikiwa jamaa wameipata. Usitosheke na jibu la mdomo kwamba hayupo. Omba kitabu kiangaliwe mbele yako, na uandike saa, jina na nambari ya huduma ya afisa aliyekujibu.

Vituo viwili vya karibu vikikana na mashahidi wapo waliomwona akichukuliwa, usingoje asubuhi ya tatu. Andaa ombi la kutaka aletwe mbele ya jaji. Mahakama Kuu iko Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, na tangu Machi 2024 nyaraka huwasilishwa kwa njia ya mtandao katika mahakama zote za nchi. Wajulishe pia IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, na chama cha mawakili. Hofu hii haikuzuka tu. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walichukuliwa baada ya kutoka mahakama ya Mavoko, wakafungiwa katika kambi ya polisi wa utawala huko Syokimau bila kuandikwa popote, na baadaye miili yao ikapatikana mtoni. Kwa sababu hiyo, unapotoka kwenda kituoni usiku, mwachie mtu ujumbe wa kituo unachokwenda na saa unayotarajia kurudi.

Kwenye kaunta

Vaa kikazi, hata kama ni Jumapili. Beba kitambulisho chako cha taifa, kadi ya chama cha mawakili, na nakala ya cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo, ambacho muda wake huisha tarehe 31 Desemba. Januari ni mwezi wa aibu kwa wasiojiandaa. Karani au mwanafunzi wa uwakili unayemtuma asijitambulishe kamwe kama wakili. Kujifanya wakili ni kosa la jinai, na kituo cha polisi ndicho mahali pa mwisho pa kulitendea.

Salimia kwanza. "Habari ya kazi, afande" hufungua milango ambayo barua yenye mhuri haifungui, na anayeanza kwa kugonga kaunta hungoja kwenye benchi hadi zamu ibadilike. Kisha jitambulishe, taja jina la mshukiwa, omba kumwona, na kama afisa wa zamu hana mamlaka, omba kumwona OCS au naibu wake. Omba mambo mawili kwa upole bila kuyaachia: uione taarifa ya OB inayomhusu mteja wako ili ujue saa na kosa lililoandikwa, na ziara yako yenyewe iandikwe kwenye OB, pamoja na saa ya kuingia. Ukipewa nambari, iandike kwenye daftari lako. Huko mbele, mpelelezi akisema mshukiwa hakuwahi kuomba wakili, nambari hiyo itakusemea.

Ukikataliwa, sababu zinazotolewa huwa ni zilezile: mpelelezi hayupo, mahojiano yanaendelea, saa za kutembelea zimepita. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoizima haki ya kifungu cha 49. Saa za kutembelea ni za jamaa. Wakili si mgeni wa kuleta chai. Omba sababu kwa maandishi. Usipopewa, iandike mwenyewe papo hapo kwenye karatasi mbili, ukitaja saa, jina la afisa na maneno aliyotumia, uiombee karatasi moja mhuri wa kupokelewa, kisha mpigie msimamizi wa kituo au kamanda wa kaunti ndogo. Mara nyingi mhuri hautapigwa, lakini mlango utafunguliwa, kwa sababu hakuna afisa apendaye kuisikia karatasi hiyo ikisomwa mbele ya hakimu. Pesa usitoe. Kumwona mteja hakulipiwi, na aliyelipa mara moja amewawekea bei mawakili wote watakaokuja nyuma yake.

Chumba

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja, niliwekwa na mteja wangu katika ofisi yenye meza mbili. Kwenye meza ya pili alikaa afisa akijaza fomu, mgongo ametugeuzia, kalamu ikitembea bila kukoma. Niliona haya kumwomba atoke katika ofisi yake mwenyewe. Mteja, kijana aliyeshukiwa kuiba simu za duka, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mfuko uko kwenye dari ya jikoni kwa nyanya yake. Kalamu ilisimama. Haikusimama kwa muda mrefu, labda kwa pumzi moja, kisha ikaendelea kutembea. Jioni hiyo gari la polisi lilifika kwa nyanya yake na likaenda moja kwa moja jikoni. Sikuweza kuthibitisha chochote mahakamani, na niliyekuwa na wajibu wa kusimamisha mazungumzo yale nilikuwa mimi.

Tangu hapo nina utaratibu. Kabla mteja hajaletwa, nauliza nitakaa naye wapi, na nakitazama chumba. Mlango wenye kioo ni mzuri: afisa anasimama nje, anaona, hasikii. Pasipo chumba, na vituo vidogo vingi vya vijijini havina, naomba benchi uani, chini ya mti, karibu na ukuta, afisa akiwa umbali wa hatua kumi na tano hivi. Siketi na mteja mlangoni mwa seli, nikizungumza naye kupitia vyuma huku watu tisa wamenyamaza nyuma yake ili wasikie, kwani mmoja wao aweza kuitwa shahidi. Na kama hakuna faragha yoyote inayowezekana, nasema hivyo kwa sauti, afisa akisikia: "Leo hatutazungumza kuhusu kesi." Kisha nafanya yale yasiyodhuru, yaani kuangalia afya yake, kumpa ushauri wa kunyamaza, na kumwambia jamaa zake wanajua alipo. Ziara ya dakika tatu yenye mipaka ina faida kuliko ya saa nzima yenye masikio.

Simu zenu nazo zina masikio. Zima yako na uiweke mbali. Usimpe mshukiwa akapigia mtu, hata mama yake, hata akilia. Hujui ni nani atakayepokea upande wa pili, na simu moja kwa shahidi yatosha kumpa mwendesha mashtaka sababu ya kupinga dhamana. Ujumbe nao una hatari hiyo hiyo. "Mwambie Otieno aondoe ile pikipiki" si salamu. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi hulinda siri kati ya wakili na mteja, na ulinzi huo humfikia mkalimani na karani wa wakili, lakini hauyafuniki mawasiliano ya kuendeleza uhalifu. Mweleze mteja mpaka huo kabla hajafungua mdomo.

Mazungumzo yenyewe

Anza na mwili. Muulize amekula lini, amelala wapi, amepigwa au la, na mwangalie: macho, vifundo vya mikono, jinsi anavyokaa. Akiwa na majeraha, yaeleze kwenye daftari kwa maneno ya kawaida, upande gani wa mwili, ukubwa gani, rangi gani, na uombe kwa maandishi apelekwe hospitalini na fomu ya P3, ile ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, ijazwe. Alama za kipigo hufifia baada ya siku chache, hivyo ombi la daktari halingoji siku ya mahakama; na ikiwa anasema aliyempiga ni afisa, ripoti iende IPOA pia.

Kisha mweleze wewe ni nani na nani amekutuma. Hapa huzuka utata ambao mawakili wengi huupuuza. Anayelipa si lazima awe mteja. Mjomba aliyetoka Bahati na ada mkononi ana haki ya kuheshimiwa na kuelezwa kesi itatajwa siku gani, lakini hana haki ya kuambiwa mshukiwa amekueleza nini, na mara nyingine mjomba huyo ndiye ambaye jina lake litatajwa. Muulize mshukiwa waziwazi kama anakukubali. Akikubali, atie sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya maagizo.

Ikiwa walishikwa kadhaa, mwone kila mmoja peke yake. Vijana watano wa bodaboda waliokamatwa pamoja Kondele huonekana kama kesi moja, na jamaa zao hupenda kuchanga ada ya wakili mmoja. Lakini wa tatu akisema kwamba mzigo ulikuwa wa wa kwanza, huwezi tena kuwatetea wote wawili, na huenda ukalazimika kuwaacha wote watano kwa sababu tayari umesikia siri za pande zote. Chukua kwanza maelezo ya juujuu, bila hadithi, hadi uone kama maslahi yao yanagongana.

Lugha nayo isikupite. Katika eneo hili mshukiwa aweza kuwa mzee wa Nyakach ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, au mama wa Mlima Elgon anayeelewa Kisabaoti tu. Kuitikia kwa kichwa si kuelewa. Njoo na mkalimani wako, mtu asiye na uhusiano na kesi, na mweleze wajibu wa siri kabla hajaingia. Usikubali afisa wa zamu atafsiri, hata akijitolea kwa moyo safi.

Swali la kama alifanya au hakufanya liweke kando siku ya kwanza. Unachohitaji ni mambo ya kukusaidia kesho: alishikwa wapi na saa ngapi, alielezwa kosa gani, nini kilichukuliwa kutoka kwake na kama kiliandikwa, ametia sahihi karatasi gani, amehojiwa na nani, ana makao na kazi wapi, amewahi kushtakiwa au la, na nani anaweza kumdhamini. Hadithi nzima itakuja siku ambayo ana usingizi na wewe una hati za mashtaka.

Mwisho, mpe ushauri wa kunyamaza kwa maneno anayoweza kuyakumbuka saa nane usiku atakapoamshwa. Mimi humwambia mteja aseme, "Nitazungumza wakili wangu akiwepo," kisha humfanya alirudie mara tatu mbele yangu. Kicheko hutokea hapo, nacho humsaidia kulikumbuka.

Maelezo, gwaride na simu ya mshukiwa

Mteja wako hana lazima ya kuandika maelezo. Akitaka kuandika, awe ameshauriwa, wewe uwepo, na kila ukurasa usomwe kwa lugha anayoielewa kabla ya sahihi. Kukiri kuna masharti yake: chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo halikubaliki isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo na ambaye cheo chake hakipungui kile kinachotajwa na kifungu hicho, akiwepo pia mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Kanuni za mwaka 2009 zinaeleza jinsi ya kulirekodi. Kwa maoni yangu wakili asikubali kuwa mtu huyo wa tatu, kwani akishaketi pale amegeuka shahidi, na wakili aliye shahidi huondoka kwenye meza ya utetezi.

Gwaride la utambuzi, yaani safu ya watu ambamo shahidi hutakiwa kumtambua mshukiwa, likipangwa, omba kujulishwa, kwa kuwa mshukiwa ana haki ya kuwa na wakili au rafiki. Hesabu watu: wasipungue wanane mbali na mshukiwa mmoja, na wafanane naye kwa umri, kimo, umbo na mavazi. Mshukiwa huchagua mahali pa kusimama, na anaweza kuhama kila shahidi anapomaliza. Ukiona yeye peke yake hana mshipi wala kamba za viatu kwa sababu vilichukuliwa seli ilipofungwa, pinga kabla shahidi wa kwanza hajaingia, na upingaji huo uandikwe kwenye fomu ya gwaride.

Simu ya mshukiwa ni jambo la siku hizi. Polisi wanaweza kuishika, lakini kupekua yaliyomo kunahitaji amri ya mahakama, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 imeweka utaratibu wa kuiomba. Mshauri mteja asitoe nambari ya siri "kwa hiari." Hiari ya mtu asiye na viatu, aliyekaa kwenye sakafu ya seli, mahakama huitazama kwa shaka, lakini afadhali isifike huko.

Bondi ya polisi

Kwa makosa mengi polisi wanaweza kumwachilia mshukiwa kabla ya mahakama, isipokuwa mauaji, uhaini na wizi wa mabavu pamoja na jaribio lake. Bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu hulipwa, hutolewa risiti, na hurudishwa mshukiwa akitimiza masharti; pesa zisizo na risiti si dhamana. Kumbuka pia kifungu cha 49(2): kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimruhusu mtu kuwekwa rumande. Washukiwa wengi wa makosa madogo ya mjini huangukia hapo bila wakili wao kutambua.

Mshukiwa akiwa mtoto

Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka umri wa kuwajibika kijinai kuwa miaka 12. Chini ya hapo hakuna kesi. Juu ya hapo, hadi 18, kuzuiliwa kuwe njia ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa, mbali na watu wazima, mzazi au mlezi akiwepo anapohojiwa. Dai cheti cha kuzaliwa au cha shule mapema, kwa sababu polisi huandika umri kwa kukadiria, na kijana mrefu wa miaka 16 huandikwa 19. Mwone mtoto kwanza akiwa na mzazi, kisha peke yake. Yapo mambo ambayo hatayasema mbele ya baba. Akinyimwa dhamana, asipelekwe gereza la watu wazima: nyumba za kuwahifadhi watoto wanaosubiri kesi ziko Nakuru, Kisumu na Kakamega.

Mahakamani asubuhi, kisha rumande

Fika kabla mshukiwa hajapandishwa, na umwone kwenye seli za mahakama, ingawa pale kelele ni nyingi na faragha ni haba. Polisi wakitaka kuendelea kumzuilia, kifungu cha 36A cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinataka ombi la maandishi lenye hati ya kiapo; omba nakala na muda wa kuisoma. Saa uliyoiandika usiku ule, shahidi aliyeona, nambari ya OB ya ziara yako, vyote vinafanya kazi sasa. Usitarajie kwamba kucheleweshwa peke yake kutaua kesi: mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mtu huru kwa sababu hiyo, lakini mwaka 2010 ikachukua mkondo mwingine, kwamba tiba ni fidia. Hoja ya kuchelewa itumie kuomba dhamana, na uihifadhi kwa ajili ya madai ya baadaye. Mteja asiye na uwezo mwelekeze kwenye Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na Sheria ya 2016. Katika kesi ya mauaji, mahakama yenyewe humteulia wakili.

Akipelekwa rumande, iwe Kodiaga, Gereza la Nakuru au la Kakamega, fika asubuhi, mapema kabla wafungwa hawajahesabiwa na kufungiwa, ukiwa na barua yenye jina, nambari ya kesi na tarehe ya kutajwa. Usibebe kitu cha kumpa, hata sigara moja. Hati za kesi mwonyeshe askari zikaguliwe kwa macho kama kuna kitu kimefichwa ndani, lakini asizisome. Na kama mkutano ni wa video, kama ilivyo kawaida tangu 2020, muulize mteja kwanza, "Upo na nani hapo?", mwambie azungushe kamera uone chumba, na hakikisha sauti inatoka kwenye vipokea sauti vya masikioni. Ikitoka kwenye spika, jadilini tarehe ya kutajwa kwa kesi tu, halafu upange siku ya kwenda mwenyewe.